CHETI CHA ELIMU YA MIMEA NA NDOO YA MAJI

Tangu nianze Kidato cha Tano hapa, wenzangu wengi wameniuliza cheti changu cha elimu ya mimea nilikipataje, na chafaa nini. Naona ni heri niwajibu wote pamoja katika gazeti letu.

Mafunzo yalikuwa ya majuma manane tu, wakati tukingoja matokeo ya Kidato cha Nne. Asubuhi tulisoma habari za mizizi, majani na maua; alasiri tulikwenda shambani. Mtihani wa kuandika haukunisumbua. Kilichotaka kuninyima cheti ni mkusanyo wa mimea. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta mimea 20 iliyokaushwa katikati ya magazeti, na magazeti hayo hapana budi yabadilishwe mara kwa mara, la sivyo mimea hushika ukungu. Kila mmea uwe na ua na mzizi wake, pamoja na karatasi yenye tarehe, mahali ulipotoka na rangi ya ua, maana rangi hupotea ua likikauka.

Mmoja katika mimea yangu ulikuwa kiduha, ambacho wengine hukiita gugu chawi. Nilikuwa nimeking'oa kwa mkono. Mwalimu alikitazama, akanirudishia, akasema, "Umeniletea mwizi, lakini mkono alioibia umeuacha shambani."

Nikarudi na jembe. Nilichimbua kiduha pamoja na shina la mahindi lililokuwa karibu, nikatia bonge zima la udongo katika ndoo ya maji na kuliosha polepole. Hapo nikaona kwa macho yangu mzizi wa kiduha umeng'ang'ania mzizi wa mahindi, ukinyonya maji na chakula.

Mbegu zake ni kama vumbi, na mmea mmoja waweza kutoa makumi ya maelfu. Hulala udongoni hata zaidi ya miaka 10, mpaka mzizi wa mahindi au mtama upite karibu na kutoa kemikali zinazoziamsha. Kiduha huishi chini kwa majuma kadhaa kabla ya kuchomoza, na mahindi hudumaa wakati huo huo, mwenye shamba asione kitu. Si ajabu watu wakataja uchawi.

Nyumbani kwetu jambo hili halikuwa la mchezo. Baba alikuwa hasemezani na jirani kwa miaka mitatu, akiamini kwamba shamba letu limerogwa. Nami kila palizi nilikuwa niking'oa viduha vilivyokwisha kukomaa na kuvitupa mpakani! Mvua ilizichukua mbegu, nadhani, hadi kwa jirani huyo huyo.

Niliporudi na cheti sikumwonyesha Baba karatasi. Nilimwitia ndoo ya maji. Aliitazama ile mizizi kwa muda mrefu, asiseme neno.

Sasa twang'oa viduha kabla havijachanua, twatia samadi, na kati ya mistari twapanda desmodiamu. Mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha lakini huzizuia zisijishikize kwenye mahindi. Njia hii ilitokana na kazi ya watafiti wa ICIPE huko Mbita, Kenya, miaka ya 1990. Nao, kwa kweli, walikuwa wakitafuta dawa ya funza wa mabua.

Mbegu za desmodiamu zilibaki kidogo. Baba alinituma nimpelekee jirani.