Sistisekosisi ya ubongo

Sistisekosisi ya ubongo ni ugonjwa unaosababishwa na lava wa tegu wa nguruwe (Taenia solium) walioingia katika ubongo wa binadamu. Ni sababu mojawapo kubwa ya kifafa kinachoweza kuzuilika katika nchi ambako nguruwe huachwa wazurure, ikiwemo Tanzania.

Maambukizi

Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye lava, hupata tegu ndani ya utumbo. Tegu huyo, anayeweza kufikia urefu wa mita kadhaa, hutoa mayai yanayotoka pamoja na kinyesi. Nguruwe akila kinyesi hicho, lava hukua katika misuli yake.

Ubongo huambukizwa kwa njia nyingine: mtu humeza mayai yenyewe, kwa mikono michafu, maji au mboga. Lava husafiri kwa damu hadi misulini, machoni au ubongoni. Kwa hiyo hata asiyekula kitimoto anaweza kuugua, hasa akiishi na mtu mwenye tegu.

Dalili

Lava anaweza kukaa miaka mingi bila dalili. Mara nyingi kifafa huanza lava anapokufa, kwa kuwa ubongo huvimba kumzunguka. Wengine huumwa kichwa kikali. Ugonjwa hutambuliwa kwa CT-scan au MRI, vipimo vilivyo mbali na wakazi wengi wa vijijini.

Tiba na upasuaji

Mgonjwa hupewa dawa za kifafa. Albendazoli na prazikwanteli huua lava, lakini hutolewa pamoja na steroidi chini ya uangalizi wa daktari, maana lava wengi wakifa kwa pamoja uvimbe huongezeka.

Upasuaji huhitajika kwa wachache, hasa maji yanapojaa ubongoni. Daktari huweza kutoa lava au kuweka mpira wa kupitisha maji hadi tumboni. Mpira huo unaweza kuziba, hivyo mgonjwa anayeanza tena kutapika, kuumwa kichwa au kusinzia arudishwe hospitali haraka.

Nchini Tanzania

Tegu huyu amechunguzwa katika wilaya kama Mbulu na Mbozi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mkoani Morogoro, ni kati ya taasisi zilizofanya utafiti huo.

Kinga

Ni kutumia choo, kunawa mikono kwa sabuni, kufungia nguruwe bandani, kukagua nyama na kuipika mpaka iive, pamoja na kutibu wenye tegu. Kifafa hiki hakiambukizwi kwa kumgusa mgonjwa wala kwa mate yake.