Waridi Lililokatwa Bado Linapumua

Wengi wetu tukiliona waridi ndani ya ndoo ya muuza maua twadhani kuwa lilikufa siku lilipokatwa, na kazi iliyobaki ni mapambo tu. Sivyo. Waridi lililokatwa hupumua, hunywa maji, na hula akiba ya sukari iliyomo ndani yake. Adui yake mkubwa ni joto. Joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kuchakaa kwake huongezeka mara mbili au hata tatu. Ndiyo sababu maua hukatwa mapema asubuhi, yangali tumba, yakatiwa majini papo hapo, kisha yakahifadhiwa katika chumba cha baridi ya nyuzi 1 hadi 4.

Jambo hili lawahusu askari kuliko wanavyodhani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashamba ya Uganda, yakiwemo yale ya Wakiso na Mukono, yamekuwa yakipeleka mawaridi Uholanzi kwa ndege kutoka Entebbe. Mengi ni ya kichwa kidogo, kwani kando ya ziwa letu kuna joto kuliko Naivasha ya Kenya, iliyo juu zaidi, ambako vichwa hukua vikubwa. Kabla ya ndege kuna barabara, na barabarani kuna kizuizi. Polisi anayo haki ya kulikagua lori la maua, nasi hatumwombi aache wajibu wake. Twamwomba asome karatasi kwanza, mlango ungali umefungwa. Mlango ukiachwa wazi kwenye jua la saa nane, baridi hutoka, na unyevu wa hewa ya nje hutua juu ya petali kama umande. Hapo ukungu wa kijivu hupata makao. Kizuizini hakuna anayeiona hasara hiyo. Huonekana siku kadhaa baadaye, sanduku linapofunguliwa ng'ambo.

Sasa kwa mstaafu au mke wa askari atakaye kufunga mashada na kuuza maua. Ndoo iwe ya plastiki, isuguliwe kwa sabuni na jiki kila mara. Ndoo chafu huzaa bakteria, nao huziba njia za maji ndani ya shina. Kichwa kikainama ilhali ua limesimama majini! Kata shina upya, sentimita 2 au 3, kwa kisu kikali na kwa mshazari, ukilirudisha majini mara moja, maana hewa ikiingia huziba vilevile. Ondoa majani yatakayozama. Miiba usiikwangue hadi kuchubua ganda.

Chakula cha ua si ghali. Katika lita moja ya maji tia kijiko kimoja cha chai cha sukari, viwili vya maji ya limau, na matone machache ya jiki. Sukari pekee hulisha bakteria kuliko ua. Tahadhari: usiimimine jiki juu ya limau tupu, kwani hutoa hewa yenye sumu, kila kimoja kiingie kwanza katika maji mengi. Badilisha maji hayo kila baada ya siku mbili.

Usiyaweke maua karibu na ndizi mbivu. Matunda yaivayo hutoa gesi ya ethilini, ambayo huyazeesha maua, na katika soko zetu muuza maua na muuza ndizi ni majirani wa kudumu.

Waridi lililolegea lisitupwe upesi. Likate shina, livingirishe katika gazeti kuukuu (hata hili letu lafaa), lisimamishe katika maji ya vuguvugu yenye kina kwa saa mbili, mahali penye kivuli. Lisiponyanyuka, lisiwekwe katika shada la Siku ya Mashujaa tarehe 9 Juni. Petali zake zaweza kuuzwa za kumwagwa mbele ya maharusi.