Funguo za Malipo ya Biashara Yako Zimewekwa Wapi?

PIN ya pesa za simu haiambiwi mtu, hata awe shemeji. Hilo tunalijua sote. Lakini kama tovuti ya biashara yako inapokea malipo ya simu, kuna siri nyingine ya kulindwa vivyo hivyo, na pengine hujawahi kuiona: funguo za API. Ni mfuatano mrefu wa herufi na nambari ambao tovuti yako hutumia kujitambulisha kila mteja anapolipa. Akiupata mtu mwingine, anaweza kujifanya ndiye wewe.

Mara nyingi funguo hizi hazivuji kwa udukuzi wa ajabu. Huvuja kupitia hazina ya msimbo.

Hazina ya msimbo ni nini?

Madevelopa wanaofanya kazi pamoja hutumia Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, kuweka kumbukumbu ya kila badiliko: nani alibadilisha nini, na lini. Kisha huhifadhi kazi hiyo kwenye huduma kama GitHub ili wote waifikie. Ni kama daftari la chama: kila kitu huandikwa, na ukurasa haung'olewi.

Shida iko hapo. Developa akiandika funguo ndani ya msimbo leo, kesho akazifuta, bado zimo kwenye kurasa za nyuma. Anayeweza kufungua hazina anaweza kuzisoma.

Imewapata hata wakubwa

Mwaka 2022, Toyota ilitangaza kuwa sehemu ya msimbo wa huduma yake ya T-Connect ilikuwa wazi kwenye GitHub tangu Desemba 2017, ikiwa na ufunguo wa seva ya data. Barua pepe za wateja zaidi ya 296,000 zikawa hatarini.

Hazina ya Uber haikuwa wazi, lakini mwaka 2016 wadukuzi waliingia, wakakuta funguo, wakachukua data ya watu milioni 57. Kwa hivyo hazina iliyofungwa bado si sefu.

Kabla hujamlipa developa, hakikisha:

1. Funguo ziko nje ya msimbo. Zikae kwenye faili ya pembeni, kwa kawaida .env, na jina lake liandikwe kwenye .gitignore mapema, kabla Git haijaichukua.
2. Majaribio yana funguo zake. Funguo za pesa halisi zisitumiwe kujaribia.
3. Kila akaunti ina uthibitishaji wa hatua mbili. Nywila peke yake haitoshi.
4. Hazina iko kwa jina la biashara. Kila mtu apewe ruhusa ya kazi yake tu, na akimaliza kazi aondolewe siku hiyo hiyo.
5. Kuna jicho la pili. Badiliko lisiingie kwenye tawi kuu kabla ya mwenzake kulikagua.

Na zikivuja je?

Usianze na kufuta. Anza na kubadilisha. Ufunguo uliovuja ni kama PIN iliyosikika kwenye foleni ya wakala: huwezi kuwasahaulisha walioisikia, unaweka mpya. Zima funguo za zamani, chukua mpya, kisha kagua miamala tangu siku zilipovuja. Kusafisha hazina kufuate baadaye.

Kama data ya wateja imefikiwa na inaweza kuwaletea madhara, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 baada ya wewe kugundua. Usikae na habari hiyo ukingoja ipoe.

Huhitaji kujua kuandika msimbo ili ulinde pesa zako. Mpigie developa wako leo, umuulize maswali matatu: funguo zetu ziko wapi, nani anaweza kuzifikia, na mara ya mwisho zilibadilishwa lini? Akisitasita, hapo ndipo pa kuanzia.