Muundo wa Majeshi ya Tabora na ya Mirambo katika Vita vya Agosti 1871

Neno "jeshi" limezoeleka mno katika masimulizi ya vita vya mwaka 1871 baina ya wafanyabiashara Waarabu wa Tabora na Mtemi Mirambo wa Urambo, hata huweza kudhaniwa kwamba pande hizo mbili zilikuwa na muundo mmoja na zilitofautiana kwa wingi wa watu na bunduki tu. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Hoja yake ni kwamba upande wa Tabora ulikuwa mkusanyiko wa nyumba za mabwana, ilhali upande wa Mirambo ulikuwa kikosi kilichomtii mtu mmoja.

Mirambo alikuwa ameifunga njia ya misafara kwenda Ujiji, njia ya pembe za ndovu. Ushahidi bora kuhusu waliotoka kumkabili ni orodha ya Henry Morton Stanley, ambaye alijiunga na Waarabu akiwa na watu wake 50. Orodha hiyo inahesabu watu 2,255, na kati yao 1,500 walikuwa na bunduki. Wanahistoria wamezoea kunukuu jumla hiyo na kusonga mbele. Lakini kilicho muhimu zaidi ni jinsi orodha ilivyopangwa: haikupangwa kwa vikosi wala kwa vyeo, bali kwa majina ya wenye watu. Liwali Said bin Salim, mwakilishi wa Sultani wa Unguja, alileta watu 25. Khamis bin Abdallah, mfanyabiashara, alileta watumwa 250. Mtemi Mkasiwa wa Unyanyembe, aliyetawazwa kwa msaada wa Waarabu hao hao, alitoa Wanyamwezi 800. Kwa hiyo mwenye cheo cha kuamrisha alikuwa na sehemu moja ya kumi tu ya watu wa mfanyabiashara mmoja. Katika hali hiyo amri haikuwa na njia ya kupita ila kwa mashauriano, na kila mpiganaji alimtazama bwana aliyemlisha.

Upande wa Mirambo hauna orodha, na ukosefu huo umewafanya waandishi kadhaa wauite kundi la wanyang'anyi. Tathmini hiyo si ya haki. Kiini cha nguvu zake kilikuwa rugaruga, vijana wasiooa, waliotegemea ngawira na ukarimu wa kiongozi wao. Pamoja nao walikuwapo washirika wa Kingoni, yaani Watuta, ambao mbinu zao za kushtukiza zilijulikana. Stanley alipokutana na Mirambo Aprili 1876 na kuchanjiana naye, alielezwa kwamba vijana walipendelewa kwa sababu wenye wake na watoto huogopa kufa. Kauli hiyo inaonesha uteuzi wa makusudi.

Msomaji aliyekulia Bariadi anaweza kuliona hapa jambo ambalo nyaraka za Kizungu haziligusi. Sungusungu walipoenea Usukumani miaka ya 1980, vyeo vya ntemi na kamanda vilikuwa viwili tofauti. Mgawanyo huo una mizizi ya kale: katika desturi ya Wasukuma na Wanyamwezi uzima wa mtemi ulifungamana na mvua na rutuba ya nchi, hivyo hakutarajiwa kuuweka mwili wake mbele ya risasi. Mirambo aliunganisha vyeo hivyo viwili. Alikuwa mtemi na kamanda kwa wakati mmoja, na aliongoza mapigano mwenyewe.

Mapema Agosti jeshi la Tabora liliondoka Mfuto na kuiteka Zimbizo. Kisha Soud bin Said bin Majid, ambaye katika orodha ana watu 50 tu, aliongoza watu wapatao 500 hadi Wilyankuru. Wengi wa hao 500, basi, walikuwa watu wa mabwana wengine. Boma lilitekwa kwa urahisi, pengine kwa urahisi wa kutiliwa shaka. Washambuliaji walirudi wamebeba pembe na kuongoza mateka. Mirambo, akiwa na watu wapatao 400, alikuwa amelala katika nyasi ndefu pande zote mbili za njia. Soud aliuawa. Habari zilipofika Zimbizo, hapakuwa na mtu wa kulishika jeshi pamoja. Kila nyumba ilikimbilia Mfuto kivyake, na watu wa Stanley, aliyekuwa mgonjwa wa homa, walikimbia vilevile.

Tarehe 22 Agosti Mirambo aliishambulia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdallah alitoka kumkabili akiwa na jamaa zake na watumwa wake, si na jeshi la mji. Waarabu wengine walibaki ndani ya matembe yao. Watumwa hao walimkimbia, naye akauawa. Sehemu ya mji ilichomwa moto, huku Stanley akitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe lake kule Kwihara.