Kuposti Ukiwa Shoo Bila Kupoteza Mauzo

Umelipia kibanda kwenye maonyesho ya kibiashara pale Jamhuri Park, Nairobi. Watu wamejaa. Mmoja anauliza bei ya asali, mwingine anataka namba ya till, na wafuasi wako wa Facebook na WhatsApp wanangoja kuona yanayoendelea. Simu ni moja tu: ndiyo kamera, na ndiyo inayopokea malipo. Ufanyeje?

Maliza kazi kubwa kabla ya siku yenyewe. Andika maneno ya posti tatu au nne mapema: bidhaa, bei, kibanda kiko wapi na unafunga saa ngapi. Weka namba ya till, kisha mpe mtu mwingine aisome. Tarakimu moja ikikosewa, pesa za mteja zinaweza kwenda kwa mwingine.

Siku ya shoo, piga picha za bidhaa asubuhi watu wakiwa wachache. Baadaye chukua tu yale usiyoweza kuyapanga: mteja akionja, foleni ikirefuka, chupa ya mwisho ikiuzwa. Video ya sekunde 15 inatosha. Penye umati mtandao huwa mzito, na video ndefu itakula muda na bando.

Kabla hujaposti, kagua picha nzima, hasa kule nyuma. Je, kuna simu ya mteja inayoonyesha meseji ya malipo? Jina lake na hata salio lake si vya kuanikwa. Usirekodi mtu akiweka PIN. Ikiwa sura ya mteja inaonekana, muombe ruhusa kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa zake.

Na kumbuka, tapeli humpenda muuzaji aliyeinamia simu. Atakuonyesha skrini yake: "Nimeshatuma, madam, angalia." Usitoe mzigo kwa sababu ya skrini ya mtu. Meseji ya uongo inaweza hata kuingia kwenye simu yako kutoka namba ya kawaida, kwa hivyo angalia imetoka wapi, kisha uhakikishe salio la till limeongezeka.

Mkiwa wawili, mmoja aposti na mwingine ashike simu ya malipo. Ukiwa peke yako, hudumia mteja kwanza. Posti inaweza kungoja dakika kumi. Mzigo ukishaondoka bila kulipiwa, kuupata tena ni kazi.