Fahamu: Kwa nini dereva wa lori aombe kukaguliwa?

Madereva wengi wa malori huomba wasisimamishwe na mkaguzi. Marekani na Kanada, baadhi yao hujipeleka wenyewe.

Wanachokitafuta ni ukaguzi wa Daraja la Kwanza, wenye hatua 37. Mkaguzi huanza na leseni na saa za kazi za dereva, kisha huingia uvunguni kutazama breki, usukani na springi. Gari likifaulu hubandikwa stika ya CVSA, muungano wa wakaguzi wa Amerika Kaskazini. Stika hiyo hudumu kwa muda usiozidi miezi 3, na kwa kawaida lori lililonayo halikaguliwi upya, isipokuwa lionekane wazi kuwa na kasoro.

Faida nyingine imo kwenye kumbukumbu. Nchini Marekani, mamlaka ya usalama wa malori, FMCSA, hupima kampuni za usafirishaji kwa matokeo ya miezi 24, na ukaguzi usio na dosari husaidia kupunguza alama zao za hatari. Dereva anayetafuta kazi naye, akiridhia, mwajiri huona ukaguzi wake wa miaka 3.

Hata hivyo, kujitolea hakumpi mtu msamaha. Breki zikikutwa mbovu kupita kiwango, lori haliondoki mpaka litengenezwe.