Besi Njema Huanzia Sandukuni

Abiria wa matatu za Lucky Summer waijua besi itikisayo viti na vifua. Wengi hudhani siri yake ni ukubwa wa spika. La hasha! Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa zamu. Mawimbi ya pande hizo yakikutana bila kizuizi, hufutana. Sanduku ndilo huyatenga. Mwaka 1954, Mmarekani Edgar Villchur alionyesha kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku dogo yaweza kufanya kazi ya springi. Baadaye, Neville Thiele na Richard Small, wakiwa Australia, walitoa hesabu za sanduku lenye tundu.

Fundi apuuzaye vipimo, akatumia mbao nyembamba na kuacha nyufa, huunda mngurumo, si muziki. Mwenye gari naye huongeza sauti kufidia kasoro. Wanaoumia ni dereva na utingo washindao humo kutwa, na sikio halina kipuri. Kenya ilitunga kanuni za kudhibiti kelele mwaka 2009. Lakini sheria humkuta mkosaji barabarani, ilhali kosa lilianzia karakanani. Vyuo vya ufundi na viwafunze vijana wetu hesabu hizi.